Maumivu ya Kifua na Mbavu Baada ya Mazoezi: Namna ya Kuyapima na Kuyatuliza

Maumivu ya kifua yanayomjia mtu siku moja au mbili baada ya kunyanyua vyuma, kupiga pushapu au kukimbia mlimani mara nyingi hutoka katika ukuta wa kifua wala si moyoni, lakini uamuzi huo haufai kutolewa kabla maumivu yenyewe hayajachunguzwa. Mjini Eldoret, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, ambako kustahimili maumivu huhesabiwa kuwa sehemu ya mazoezi, uchunguzi huo una uzito wa pekee, kwa sababu ustahimilivu humfaa mtu pale tu anapojua anachokistahimili.

Ukuta wa kifua una jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu huungana moja kwa moja na mfupa wa kidari kwa gegedu, yaani tishu imara inayopindika kiasi, na katikati ya ubavu mmoja na mwingine ipo misuli inayokipanua kifua mtu avutapo pumzi. Kwa kuwa Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na hivyo mkimbiaji, hasa mgeni ambaye mwili wake haujazoea, hulazimika kupumua kwa kasi na kwa kina zaidi, nayo misuli hiyo huchoka mapema.

Anayeumwa aketi wima, kisha apitishe ncha ya kidole polepole juu ya ubavu mmoja mmoja hadi kidarini, akibonyeza kidogo kila hatua. Msuli uliovutika huwa na mahali pake: huuma ukibonyezwa, na huzidi mtu akikohoa, akivuta pumzi ndefu au akigeuza kiwiliwili. Maumivu yakikaa pale ubavu unapokutana na kidari, huenda gegedu ndiyo iliyovimba. Kichomi kinachombana mkimbiaji chini ya mbavu na kutoweka apunguzapo mwendo ni jambo jingine, na kwa kawaida hakina madhara.

Hata hivyo, si kila kinachouma karibu na mbavu ni msuli. Mkimbiaji Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa michezo wa Eldoret unaitwa kwa jina lake, alishindana katika Olimpiki za Mexico mwaka 1968 akiwa na maumivu makali ya mfuko wa nyongo, kiungo kilichojificha chini ya mbavu za kulia. Yalimwangusha katika mbio za mita 10,000, ingawa siku chache baadaye alitwaa dhahabu ya mita 1,500. Ushujaa huo unastahili heshima, lakini haufai kugeuzwa kuwa kanuni ya matibabu.

Maumivu yanayokandamiza katikati ya kifua na kusambaa mkononi, mgongoni au tayani, yakiambatana na jasho jembamba, kichefuchefu au kuzirai, yanamtaka mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja, hata kama kifua kinauma kikibonyezwa. Ndivyo ilivyo pia kwa pumzi inayokatika ghafla, kwa kukohoa damu, na kwa homa yenye kikohozi.

Dalili hizo zisipokuwepo, mwenye msuli uliovutika apumzishe kifua, aweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa katika siku mbili za mwanzo, kisha atumie joto. Kifua kisifungwe kwa bendeji ya kubana, kwani pumzi fupi huacha sehemu za mapafu bila hewa na kukaribisha nimonia. Ni afadhali avute pumzi ndefu chache kila saa, na akikohoa akumbatie mto. Maumivu yasiyopungua baada ya wiki mbili yaonwe na daktari, kwa maana ubavu nao huweza kupata ufa mdogo kwa mazoezi ya kurudiarudia.

Kurejea mazoezini kuanze kwa kutembea, na mbio zisubiri hadi mtu aweze kukohoa, kujigeuza kitandani na kujaza kifua hewa bila kushtuka. Kifua kilichopona hujulikana kwa pumzi, si kwa hesabu ya siku.