Jino Likitoka na Mzizi Wake

Mtoto ameanguka na baiskeli, jino la mbele limetoka zima. Wengi wetu hukimbilia damu, jino likabaki kwenye vumbi. Damu ya mdomoni inatisha, lakini mara nyingi hukatika mtoto akibana kitambaa safi. Jino ndilo lisilosubiri. Mzizi wake umefunikwa na utando mwembamba wa chembe hai zinazolishikiza kwenye mfupa. Zikikauka hufa, na hapo jino halishiki tena sawasawa.

Kwanza, ni jino gani? Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuota kati ya miaka 6 na 8. La utotoni halirudishwi, kwa kuwa unaweza kuliumiza lile linalosubiri ndani ya ufizi. Mpeleke mtoto akaangaliwe tu.

La ukubwani lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache. Usilisugue wala kulipaka sabuni. Lirudishe taratibu kwenye tundu lake, uso wake wa mbele ukitazama nje, kisha aume leso safi kulizuia. Mkono utatetemeka, endelea hivyo hivyo. Ila aliyepoteza fahamu au asiyetulia usimrudishie, litampalia.

Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa. Ya pakiti ya dukani yanafaa. Mtindi haufai, una asidi. Maziwa yakikosekana, ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Maji matupu huzipasua zile chembe, lakini hata hayo ni afadhali kuliko kulifunga kwenye karatasi kavu. Mfikie daktari wa meno ndani ya saa moja ikiwezekana. Mkichelewa, nendeni vilevile. Mwambie kama jino liliangukia udongoni, aangalie suala la chanjo ya pepopunda.

Damu baada ya kung'olewa

Uma pamba ya hospitali iliyokunjwa kwa dakika 20 hadi 30 bila kuchungulia. Kuchungulia kila mara ndiko kunakoibandua damu iliyoanza kuganda. Usisukutue siku hiyo. Ikiendelea kutoka, rudi ulikong'olewa.

Jino linalouma usiku

Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, na unywe parasetamo kwa kipimo cha kwenye pakiti. Aspirini ni ya kumeza. Ukiiweka juu ya ufizi inauunguza. Maji ya betri, ambayo bado wapo wanaoyatia kwenye jino lililotoboka, huunguza mdomo mzima. Na antibayotiki za kununua kwa kukisia haziondoi chanzo. Jino linahitaji kuzibwa, kusafishwa mzizi au kung'olewa.

Uvimbe ukishuka chini ya taya au kupanda hadi jicho kufumba, ukiwa na homa, mdomo haufunguki, kumeza au kupumua kunakuwa kazi, hapo si suala la kusubiri kliniki ifunguliwe asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.