Mbio Ndefu za Kwanza: Moyo Hutangulia, Mifupa Hufuata

Hewa ya Kitale ina oksijeni asilimia 21, sawa na hewa ya Mombasa. Kinachopungua mtu akipanda juu ni kanieneo ya hewa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo yake ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Bungoma, penye mita 1,400 hivi, hufikia asilimia 85. Ndiyo sababu mtu wa Bungoma akikimbia Kitale kwa mwendo wake wa nyumbani hutweta mapema.

Mtu akiishi nyanda za juu, figo huhisi uhaba wa oksijeni unaoletwa na kanieneo ndogo na kutoa homoni inayouchochea uboho kuongeza chembe nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni. Linet Masai, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Berlin mwaka 2009, alikulia Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma. Lakini wengi waliozaliwa mlimani huko hawajawahi kushindana. Mwinuko husaidia, mazoezi ndiyo yanayoujenga mwili.

Sasa tupige hesabu ya nishati. Kukimbia kilomita moja hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 atatumia takriban 1,260 katika kilomita 21, na zaidi ya 2,500 katika marathoni kamili. Ugali tunaokula huvunjwavunjwa kuwa glukosi, na ziada huwekwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni. Akiba hiyo kwa kawaida haizidi sana kilokalori 2,000. Mafuta ya mwili ni mengi, ila huchomwa polepole na huhitaji oksijeni zaidi. Anayeanza kwa kasi humaliza glaikojeni mapema, na miguu huwa mizito ghafla. Kwa mtu anayejiandaa kwa mara ya kwanza, basi, naona kilomita 21 ndizo zinazofaa.

Katika maandalizi hayo kuna hatari ambayo wengi hawaioni. Baada ya wiki chache tu za mazoezi, maji ya damu huongezeka na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mkimbiaji hujisikia ana pumzi, akatamani kuongeza kasi na umbali kwa pamoja. Kano zake bado hazijawa tayari, kwa kuwa hupata damu kidogo na hujijenga taratibu. Mfupa nao una utaratibu wake: ukizidiwa na mzigo, chembe maalumu huondoa kwanza sehemu iliyochakaa, kisha nyingine hujaza mfupa mpya. Kati ya kazi hizo mbili hupita wiki kadhaa, na muda huo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ukiendelea kuupiga lamini kila siku, hupata ufa mwembamba, mara nyingi kwenye muundi.

Kwa hiyo, wewe uliyeamua mwaka huu kushindana, iwe unafanyia mazoezi Kiminini au Webuye, kimbia siku nyingi kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako, ongeza kilomita kidogo kidogo, upumzike siku kamili kila wiki. Maumivu yakikaa sehemu moja ya mfupa na kuuma hata ukitembea, acha kukimbia, umwone daktari.