KOMORO: VISIWA VITATU AU VINNE?

 

Muhula uliopita chama chetu kilifanya shindano la chemsha bongo. Zamu yetu ilipofika tukaulizwa, "Nchi ya Komoro ina visiwa vingapi?" Mimi bila kungoja wenzangu nikaropoka, "Vinne!" Muulizaji akatikisa kichwa. Ati ni vitatu. Tulikosa alama mbili, na ushindi ukaenda zake. Wiki nzima nikawa naitwa "Bwana Vinne". Uchungu huo ndio ulionipeleka maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Visiwa vya Komoro viko katika Bahari ya Hindi, kati ya kaskazini mwa Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Kikubwa kuliko vyote ni Ngazija, na huko ndiko uliko mji mkuu, Moroni. Kisha kuna Nzwani, Mwali ambacho ndicho kidogo zaidi, na Maore ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Vyote vilitokana na volkano. Mlima Karthala wa Ngazija, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai mpaka leo. Mawe ya huko hufyonza maji upesi, kwa hivyo Ngazija haina mto wa kudumu. Watu hukinga maji ya mvua na kuyaweka akiba.

Wakomoro ni mchanganyiko wa Wabantu, Waarabu na watu wa Bukini, na karibu wote ni Waislamu. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Sisi twaitikia "marahaba" tukiamkiwa. Wao husema "marahaba" wakitoa shukrani. Wimbo wao wa taifa unaitwa "Udzima wa ya Masiwa". Hebu soma polepole. Masiwa ni visiwa. Udzima ni umoja, na linakaribiana na "uzima" wetu, kama tunaposema siku nzima, yaani isiyopunguka. Hata Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Ngazija mwaka wa 1861.

Uchumi wao hutegemea zaidi vanila, karafuu na langilangi, ua ambalo mafuta yake hutengenezewa manukato. Bei ikianguka katika masoko ya ng'ambo, mkulima hana pa kukimbilia. Ndiyo sababu jamii nyingi huishi kwa fedha zinazotumwa na jamaa walioko Ufaransa.

Sasa turudi kwenye lile swali. Wafaransa walichukua Maore mwaka wa 1841, na visiwa vile vingine vitatu wakaviweka chini ya ulinzi wao mwaka wa 1886. Desemba 1974 wananchi walipiga kura. Ngazija, Nzwani na Mwali walitaka uhuru karibu kwa kauli moja. Maore wengi walikataa, wakihofia kutawaliwa na visiwa vikubwa. Tarehe 6 Julai 1975 Komoro ilijitangazia uhuru, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea kama nchi ya visiwa vinne. Lakini Ufaransa haikutoka Maore, na mwaka wa 2011 ikakifanya mkoa wake kamili.

Uhuru wenyewe pia haukutulia. Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, alipinduliwa kabla ya mwezi kwisha. Mwaka wa 1978 alirudishwa na mamluki wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard. Mwaka wa 1997 Nzwani nacho kikatangaza kujitenga, ingawa baadaye kilirudi.

Mwaka wa 1995 Ufaransa iliwawekea Wakomoro viza ya kuingia Maore. Tangu hapo, watu wanaotaka kuona jamaa zao, kutibiwa au kutafuta kazi huondoka Nzwani usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa. Safari ni kama kilomita 70 tu, lakini maelfu ya watu wamekufa maji humo. Nilipofika hapo nilisahau habari ya alama zangu mbili. Bendera ya Komoro ina nyota nne na milia minne, kila kisiwa na chake. Kumbe mtu anaweza kufa akivuka kwenda mahali ambapo bendera yake inasema ni kwao!

Basi wenzangu, mkiulizwa swali hilo, jibuni hivi: visiwa vinavyotawaliwa kutoka Moroni ni vitatu, visiwa ambavyo Komoro inadai ni vyake ni vinne. Kisha elezeni sababu. Nilimpelekea mwalimu mlezi wa chama daftari langu. Alisoma lote, akacheka, akasema, "Wewe na muulizaji nyote mlijibu, lakini hakuna aliyeeleza."

Alama hakunirudishia. Kama wasemavyo ndugu zetu wa Komoro, marahaba!