Mvinyo gani kwa kamba wa kukaanga?

Swali: Nampeleka mke wangu kwenye mgahawa wa Ocean Basket, naye ni mpenzi wa kamba wa kukaanga. Orodha yao ya mvinyo ni fupi. Tuagize upi?

Jibu: Ufupi usikutishe. Mgahawa huo ulianzia Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1995, kwa hiyo tafuta mvinyo wa huko: Chenin Blanc ndiyo zabibu ya mvinyo inayolimwa zaidi nchini humo, hivyo ukiiona, agiza. Uchachu wake wa kindimu hukata mafuta ya kamba na ngisi. Mwekundu mzito achana nao, ukakasi wake ukikutana na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Mkinywa kwa glasi, muulize mhudumu chupa ilifunguliwa lini: ya juzi imeshachuja, ila bei haichuji! Mkichukua chupa nzima, dai ndoo ya barafu.