Isimu inanitoa jasho, niache?

*Niko mwaka wa kwanza, shahada ya lugha za kigeni na isimu. Nilifuata Kifaransa, sasa nakesha na fonimu na mofimu. Je, nimepotea njia? – M.S., Dar es Salaam*

Hujapotea, M.S. Wengi hudhani isimu ni kujua lugha nyingi, kumbe ni kuchunguza lugha inavyofanya kazi. Anza na unayoijua: “walinipigia” ni wa-li-ni-pig-i-a, mofimu sita ulizozitumia tangu utotoni.

Tena isimu itakusaidia katika hicho Kifaransa. Irabu ya “tu” (wewe) haimo katika Kiswahili. Tamka “i”, ulimi usisogee, kisha viringa midomo: umeipata! Fanya hivyo kila siku, kwa sauti, wenzako wa bwenini wacheke wapendavyo.

Ukianguka majaribio mawili mfululizo, muone mhadhiri kabla ya mtihani wa mwisho.