Vijiwe vya marijani: kutofautisha spishi zinazofanana kilindini, kwa macho ya mwanaisimu

Makala hii ilianzia katika semina ya istilahi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua fani ambayo Kiswahili hakijaizoea, akusanye dhana zake thelathini hivi, kisha aeleze namna zinavyoweza kusemwa bila kuazima kila kitu. Wenzangu walichukua madini, benki na simu. Mimi nilichukua marijani za bahari kuu, zile ambazo wanabiolojia huziita gorgoni. Waliocheka walikuwa na haki yao: nchi yetu yote ina ufuo wa bahari usiofika kilomita hamsini pale Muanda, na wengi wetu katika fakulte hii hatujawahi kuonja maji ya chumvi. Lakini swali linalowasumbua wataalamu wa viumbe hawa ni lile lile tunalolikuta tukiwa na Kiluba mkono mmoja na Kihemba mkono mwingine: je, hiki ni kitu kimoja chenye sura mbili, au ni vitu viwili vyenye sura moja?

Nianze na maneno tuliyo nayo. Kiswahili cha pwani kina maneno mawili ambayo Kifaransa huyafunika kwa neno moja: matumbawe na marijani. Matumbawe ni jiwe la bahari, lile lililojengewa misikiti na nyumba za Kilwa, Lamu na Unguja, na lililochomwa ili kupata chokaa. Marijani, neno lililotoka katika Kiarabu, ni kito chekundu cha kuvaa shingoni. Tofauti hii inakaribia sana mpaka uliochorwa na wanabiolojia wenyewe. Mnyama mdogo anayejenga jiwe la tumbawe, yaani polipu, huwa na minyiriri sita au idadi inayotokana na sita. Polipu wa marijani nyekundu ya Mediterania, Corallium rubrum, ana minyiriri minane, na kila mmoja una vijitawi pembeni kama unyoya wa ndege. Gorgoni nazo ni za minane. Kwa hiyo katika makala hii naziita marijani, si matumbawe, na naomba wanaopenda kusema “matumbawe laini” wanivumilie, maana mwishoni nitaonyesha kwamba neno letu la kale lina faida ambayo sikuitegemea.

Marijani hizi za kilindini hazijengi miamba. Husimama moja moja kama kichaka au kama kipepeo cha kupulizia moto, zenye uti wa ndani na nyama nyembamba juu yake. Huishi gizani, kuanzia mita mia kadhaa hadi elfu kadhaa chini, hazihitaji jua, na hula kinacholetwa na mkondo wa maji. Ndani ya nyama yao zimetawanyika chembe za chokaa ndogo kama mchanga laini. Chembe hizo naziita vijiwe. Najua kwamba vijana wa Dar es Salaam wakisema kijiwe wanataja mahali pa kukaa na kupiga soga, lakini neno linaweza kubeba mizigo miwili, na huu wa pili ndio wa asili: jiwe dogo.

Mtu anaweza kuuliza, tofauti kati ya kichaka kimoja na kingine chini ya bahari inamhusu nani? Tarehe 20 Aprili 2010 jukwaa la kuchimba mafuta la Deepwater Horizon lililipuka katika Ghuba ya Meksiko. Watu 11 walikufa, na kisima kikamwaga mafuta kwa siku 87. Novemba ya mwaka huo watafiti waliteremka hadi mita 1370, mahali palipo kilomita 11 kusini-magharibi ya kisima, wakakuta marijani zimefunikwa na uchafu wa rangi ya kahawia, nyama inabanduka kwenye uti. Kati ya koloni 43 zilizopigwa picha, asilimia 46 zilikuwa zimeumia zaidi ya nusu ya mwili. Nyingi zilikuwa za spishi inayoitwa Paramuricea biscaya.

Ili kudai fidia ya kitu, lazima kwanza ukitaje. Koloni za aina hii hukua polepole mno, nyingine zina umri wa mamia ya miaka, kwa hiyo iliyokufa haitarudi katika maisha ya mtu. Tegemeo lililobaki ni koloni nyingine za spishi hiyo hiyo, mahali pengine katika Ghuba, zinazoweza kupeleka mbegu zake. Mtu akionyesha koloni zinazofanana na hizo na kusema “tazama, zipo nyingine”, huenda anaonyesha spishi tofauti kabisa, na hapo atakuwa amehesabu mbuzi wa jirani katika zizi lake. Jambo hili si la kubuni. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba Paramuricea wa Ghuba hiyo si kundi moja, na katika maandishi ya kisayansi kuna kundi linaloitwa kwa herufi na namba tu, “aina B3”. Sisi tuliozoea kusoma Kisanga L35 na Kibemba M42 katika orodha ya Guthrie hatushangai kuona namba. Ila Guthrie alikuwa na wenyeji wa kumwambia lugha yao inaitwaje.

Kwa nini basi macho hayatoshi? Kwanza, umbo hufuata mazingira. Kipepeo cha marijani hujipanga kuelekea mkondo, na koloni mbili za mama mmoja zaweza kutofautiana kwa sababu moja imeota mahali maji yanapokwenda kasi na nyingine mahali yametulia. Pili, rangi hubadilika ndani ya spishi moja, na mara nyingi hufifia kipande kinapotiwa katika alkoholi. Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, spishi ambazo si ndugu wa karibu zimefika kwenye umbo lile lile kila moja kwa njia yake. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anajua kwamba lugha mbili kuwa na toni si ushahidi kwamba zimezaliwa pamoja.

Basi mtaalamu hurudi kwenye vijiwe. Roboti ya chini ya maji hukata kipande cha sentimita chache. Kipande huhifadhiwa katika alkoholi, si katika formalini, kwa sababu formalini huharibu ADN, na ikigeuka kuwa asidi huyeyusha hata chokaa. Mezani, kipande kidogo hutiwa matone ya javeli, ile ile tunayofulia mashuka. Nyama huyeyuka, vijiwe hubaki. Husuuzwa kwa maji mara kadhaa, kisha hutazamwa kwa hadubini, na kwa kazi ya kuchapisha hutumika hadubini ya elektroni inayoonyesha hata matuta ya juu ya kijiwe.

Hapa kuna sharti linalonipendeza sana. Vijiwe haviokotwi popote. Vile vya kwenye minyiriri havifanani na vya ukuta wa polipu, na vya ukuta havifanani na vya nyama inayofunika uti. Anayelinganisha vijiwe vya minyiriri ya koloni moja na vijiwe vya uti wa koloni nyingine anafanya kama mtu anayelinganisha vitenzi vya Kiluba na nomino za Kihemba, kisha akatangaza kwamba lugha hizo ni mbali mno. Kila sehemu ilinganishwe na sehemu yake.

Baada ya kuviona, lazima uviseme. Kijiwe kina umbo, na umbo huhitaji neno ambalo mtu wa Tokyo na wa Paris watalielewa sawa. Mwaka 1983 wataalamu watatu, Frederick Bayer wa Marekani, Manfred Grasshoff wa Ujerumani na Jakob Verseveldt wa Uholanzi, walitoa huko Leiden faharasa yenye picha, katika lugha tatu, ya maneno yote ya maumbile ya marijani za minyiriri minane. Ni kitabu chembamba, kisichofika kurasa mia. Lakini bila maneno yaliyokubaliwa, maelezo ya spishi ni hadithi ya mtu mmoja tu. Na Grasshoff huyo ndiye aliyeielezea Paramuricea biscaya mwaka 1977 na kuipa jina. Aliyetaja spishi ndiye aliyeketi kusawazisha maneno ya kuzitajia nyingine. Kwa maoni yangu kazi ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, ingawa jina lake hukumbukwa zaidi kwa ya kwanza.

Kwa Kiswahili nimependekeza haya. Kijiwe kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili ni rungu. Kilichochongoka pande zote mbili ni kijiwe cha ncha mbili. Kilicho bapa ni gamba. Jenasi ya Paramuricea inatambulikana kwa kijiwe cha pekee kwenye ukuta wa polipu, bapa chini na chenye mwiba uliosimama juu, nimekiita gamba-mwiba.

Magamba yanatuleta kwenye mfano nilioupenda kuliko yote, jenasi ya Callogorgia. Polipu zake hukaa kwenye tawi zikizunguka kama pete, pete juu ya pete, kila polipu amevaa magamba kama samaki, na magamba manane hufunga mdomo wake kama kifuniko. Mwaka 2002 Stephen Cairns na Bayer walipozipanga zile za magharibi ya Atlantiki, waliona ndani ya Callogorgia americana namna mbili zinazokaribiana sana. Hawakuthubutu kuzitenga kuwa spishi mbili. Waliziandika kama spishi ndogo, moja americana, nyingine delta. Tofauti zilikuwa za aina ya kuhesabu magamba katika safu na kutazama kama uso wa gamba ni laini au una matuta. Sisi tungesema: lahaja.

Miaka zaidi ya kumi baadaye Andrea Quattrini na wenzake waliongeza mashahidi wawili, jeni na kina cha maji. Jeni peke yake lina hila zake. Marijani za minyiriri minane zina katika mitokondria jeni moja, mtMutS, ambalo wanyama wengine hawana. Hudhaniwa kwamba hurekebisha makosa ya ADN, na huenda ndiyo sababu mitokondria zao hubadilika taratibu mno. Matokeo yake, spishi mbili za kweli zaweza kuwa na herufi zile zile kabisa. Ni kama orodha ya maneno mia ya Swadesh kwa lugha mbili jirani: mkono, jicho, maji, moto, yote sawa, na bado wasemaji wana lugha mbili. Kwa hiyo siku hizi watafiti husoma maelfu ya sehemu za ADN kwa pamoja badala ya kutegemea jeni moja.

Katika Callogorgia, hata hivyo, mashahidi walikubaliana. Jeni ziligawanyika, na mgawanyiko ulifuata kina: delta ndiyo inayoishi chini kuliko ndugu zake. Mwaka 2014 delta ilipandishwa ikawa spishi kamili, Callogorgia delta. Haikuwa sherehe ya makaratasi. Kwenye matawi ya delta papa mmoja mdogo, Scyliorhinus retifer, hufunga vifuko vya mayai yake. Uwanja wa delta ni wodi ya wazazi ya papa huyo. Ukiandika “americana” tu katika ramani, hujui tena ni uwanja upi una wodi na upi hauna, na meli ya mafuta inayotafuta mahali pa kulaza bomba itasoma ramani hiyo hiyo.

Ninachokiona hapa kama mwanaisimu ni kwamba hakuna shahidi mmoja aliyeshinda. Magamba yalitoa dokezo, jeni likatoa mpaka, kina kikatoa maana ya mpaka huo. Wanaodhani ADN imewastaafisha watazamaji wa vijiwe wafikirie hili: kama Cairns na Bayer wasingeandika neno delta mwaka 2002, wachunguzi wa jeni wangekuwa na namba tu, kama B3.

Nimeahidi kurudi kwenye neno marijani. Mwaka 2022 Catherine McFadden, Leen van Ofwegen na Quattrini walipanga upya kundi zima la minyiriri minane kwa kufuata jeni. Zilibaki oda mbili, Malacalcyonacea na Scleralcyonacea, na gorgoni kama kundi la ukoo halikuonekana popote. Paramuricea imeingia oda ya kwanza, Callogorgia ya pili. Vichaka viwili nilivyovieleza katika makala moja si ndugu wa karibu. Na marijani nyekundu ya shingoni, Corallium, iko pamoja na Callogorgia, karibu nayo kuliko Paramuricea ilivyo. Ndivyo Carl Meinhof alivyoweka Kifulani na Kimaasai chini ya paa moja la “Kihamiti” mwaka 1912 kwa kufuata sura, kisha Joseph Greenberg akakirudisha Kifulani kwa ndugu zake wa Afrika Magharibi. Gorgoni limebaki neno la umbo, kama tunavyosema “lugha za toni”. Marijani, likichukuliwa kuwa jina la wote wenye minyiriri minane, halijavunjika.

Kwa hiyo katika jedwali langu gorgoni ni marijani-kichaka, yaani umbo, na marijani ni ukoo. Lililobaki mezani ni wingi wa gamba-mwiba. Mwenzangu wa mofolojia anataka magamba-miiba, kwa kuwa kila gamba lina mwiba wake na miiba ni mingi. Mimi nimeandika magamba-mwiba, kwa mfano wa mabata mzinga na paka mwitu, ambapo neno la pili hueleza aina wala halihesabiwi. Walimu wa fakulte watakaosoma waniandikie wanavyoona, kabla jedwali halijapelekwa kwa mchapaji.