Vita vya Abushiri kwa Nauli ya Daladala

Mzazi wa Mbagala, Tandika au Mwananyamala, huna haja ya kukodi gari ili mwanao akaone vita vilipopiganwa. Anzia Posta, kwenye Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Hakuna kiingilio. Mpe mtoto kazi: asome maandishi ya Kiswahili chini ya sanamu, ya herufi za Kirumi na za Kiarabu, kisha akwambie yanamkumbuka nani. Sanamu hiyo iliwekwa 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi (wabeba mizigo) Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla yake palisimama sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann.

Huyo Wissmann alikuwa nani? Jibu liko Bagamoyo, lakini iache iwe safari ya Jumamosi nyingine. Mtoto aliyechoka haambiliki. Daladala za Bagamoyo zipo stendi ya Makumbusho. Ukitoka Temeke, utaunganisha.

Mkiwa njiani, msimulie. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilikodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, ikaanza kutoza ushuru na kupandisha bendera yake, mfano wa mpangaji wa chumba kimoja anayedai kodi nyumba nzima. Watu wa Pangani wakagoma, kiongozi wao Abushiri bin Salim, na mapigano yakafika Bagamoyo. Ujerumani ikamtuma Wissmann. Mei 1889 akalivamia boma la Abushiri, yaani ngome yake, karibu na Bagamoyo. Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Kwa mtoto mdogo, habari za kitanzi ziache. Mwambie tu alikamatwa akauawa.

Mkifika, ulizeni ofisi inayotunza majengo ya kihistoria. Sema mapema kwamba ninyi ni Watanzania na mna watoto, maana bei yenu si ya watalii, na dai stakabadhi. Mwongozaji mpatane naye kabla hajaanza kusimulia.

Anzeni na Ngome Kongwe, moja ya majengo hayo, kisha nendeni makaburi ya Wajerumani karibu na ufukwe, mtoto asome miaka iliyoandikwa. Huenda akauliza wapiganaji wa Abushiri walizikwa wapi. Usimkatize kwa jibu la haraka. Mwache aamkie wazee wa mji, awaulize mwenyewe.

Bebeni maji, kofia na chakula cha nyumbani. Saa tisa alasiri muwe stendi, kwani foleni ya Tegeta jioni haina huruma na mtoto mwenye usingizi.